Kwako Jua Limeshatua, Kwao Bado

Jioni ya Kisangani haina subira. Jua halijivuti juu ya mapaa kama wanavyosimulia ndugu zetu waliohamia Ulaya. Hapa linatumbukia wima upande mto unakoelekea, na kabla mama muuza samaki hajakunja turubai lake, giza limeshashika barabara. Mji wetu uko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba saa 12 na dakika 6 hivi, katikati ya Februari saa 12 na dakika 37. Linachezacheza ndani ya nusu saa hiyo tu. Anayetaka kutazama setilaiti ashike kwanza hesabu hiyo, kwa kuwa mengine yote yanapimwa kuanzia hapo.

Mara nyingi mtu hunijia asubuhi akisema ameona nyota inatembea. Nyota haitembei namna ile, na kitu alichokiona hakina taa. Kilichong'aa ni jua lenyewe, limepiga kwenye mabawa ya setilaiti likarudi kwetu. Simama ufukweni katika mtaa wa Makiso, utazame Lubunga ng'ambo ya mto wakati jua linatua. Kivuli kimeshafunika mitumbwi na mchanga, ilhali vilele vya michikichi bado vina rangi ya dhahabu. Setilaiti ni mchikichi wa kilomita 400 au 500 kwenda juu. Sisi huku chini tumeshawasha koroboi, kule kileleni jua bado linawaka.

Lakini kivuli cha dunia hakisimami. Kinapanda kutoka mashariki. Ukiangalia vizuri dakika kumi baada ya jua kutua utakiona, ule ukanda wa buluu nzito uliolala juu ya msitu. Hapa ikweta kinapanda haraka. Chombo kinachopita utosini kwa urefu wa kilomita 400 huendelea kuangazwa kwa takriban saa moja na dakika ishirini baada ya jua kututulia sisi. Chenye urefu wa kilomita 550 hufika saa moja na nusu. Baada ya hapo setilaiti zinapita kwa mamia na huzioni, zimezama kivulini. Mtu wa London mwezi wa Juni anaweza kuziona usiku kucha, kwa sababu huko jua la kiangazi halishuki mbali chini ya upeo. Sisi tunapewa kidirisha: kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 kasoro, basi. Kuna kidirisha cha pili alfajiri, saa 10 na nusu hadi karibu saa 12, na kwa wanaoamka kuswali au kuwahi soko hicho ndicho bora, ila ukungu wa mto hukiharibu mara nyingi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na watu hawaupendi: kula baadaye. Nyumba nyingi hapa hukaa mezani saa moja jioni, saa ile ile mbingu zinapofanya kazi.

Kuhusu mahali pa kusimama, usihangaike kutafuta kilima, hatuna. Tafuta uwazi. Barabara zetu za zamani zimepandwa miembe, na chini ya mwembe hutaona kitu isipokuwa popo. Ukingo wa mto ni mzuri kwa sababu maji hayana miti: kutoka Makiso unapata kusini yote, ukielekeza uso mto unakokwenda unapata magharibi. Kwa wavuvi Wagenya, pale magogo ya mitego yao yanapochomoza kwenye maporomoko, unaweza kuyatumia magogo hayo kama alama: "itapita kushoto kwa gogo la tatu." Wanaokaa Mangobo au Kabondo wanaweza kutumia uwanja wa mpira wowote. Na umeme ukikatika, furahi. Nasema hivi nikijua kwamba mwenye friji iliyojaa samaki hatanisamehe, lakini delestaji ndiyo rafiki mkubwa wa mtazama anga katika mji huu. Watu wa miji mikubwa ya dunia husafiri mbali ili wapate giza kama letu.

Kuna mambo ya usalama nisiyoweza kuyapita. Usisimame na darubini shingoni karibu na bandari, daraja la Tshopo, kambi ya jeshi au uwanja wa ndege wa Simisimi. Askari wa zamu hatakuuliza kuhusu elimu ya anga, atakuuliza unapeleleza nini. Ile taa ya laser ya kijani wanayouza vijana mitaani usiielekeze juu kamwe, ndege zinazoshuka Bangoka zina rubani mwenye macho. Vaa mikono mirefu na soksi, kwa sababu saa ya setilaiti ndiyo saa mbu wanapoanza kutoka, na malaria ya hapa haina mzaha.

Na jambo moja zaidi, ambalo nililijua kwa aibu. Mji huu ulipigwa mizinga siku sita mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani mwetu. Aliyekuwa mtu mzima siku zile haiangalii taa inayopita angani usiku kama unavyoiangalia wewe uliyezaliwa baadaye. Jioni moja nilipiga kelele uani, "Inakuja! Inakuja!", watoto wakashangilia, na mzee jirani yangu akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo. Tangu hapo nikitarajia kitu kikubwa napita kwanza kwake, nabisha hodi, namwambia saa na upande. Nawe fanya hivyo kwa wazee wa ua wako kabla hujawaita watoto.

Sasa, utajuaje saa? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanatoka nje bila ratiba, wanaangalia juu robo saa, wanarudi ndani na maumivu ya shingo. Setilaiti zinafuata ratiba kuliko chombo chochote cha usafiri nchini mwetu. Tovuti ya Heavens-Above hutoa jedwali la kila siku bila malipo, na NASA ina huduma yake kwa ajili ya kituo cha anga peke yake. Mtandao ukiwa mzuri mchana, fungua kurasa za siku kumi, zipige picha kwenye simu, jioni hutahitaji intaneti. Andika mahali ulipo kwa namba: latitudo 0.52 kaskazini, longitudo 25.2 mashariki. Usiandike jina la nchi peke yake, kwa maana mashine itakupeleka Kinshasa.

Kosa hilo nimelifanya mimi. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa na magharibi wako saa moja nyuma yetu sisi wa mashariki. Nilichukua jedwali lililotengenezwa kwa Kinshasa, nikakusanya wapwa zangu na majirani saa moja kasorobo, nikawaeleza kwa ufasaha mkubwa wapi pa kuangalia. Tukaangalia. Pakapita vimetameta na pikipiki mbili. Saa ya jedwali ilikuwa ya Kinshasa na anga ya jedwali pia ilikuwa ya Kinshasa, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapa, kwa hiyo hata kama ningeongeza saa moja nisingeambulia kitu. Mwalimu mmoja wa mtaani bado huniuliza kama nimeshapata ndege yangu. Basi hakikisha mambo mawili: mahali pawe Kisangani, na saa iwe ile ya Lubumbashi, mbele ya Greenwich kwa saa mbili. Kisha kumbuka kwamba jedwali linasema 19:05, nasi tunasema saa moja na dakika tano. Inaonekana jambo la kitoto mpaka siku umetoka nje saa tatu usiku.

Jedwali lina safu nne zenye maana. Saa ya kutokea, upande itakapotokea, urefu juu ya upeo, na mwangaza. Urefu hupimwa kwa digrii: upeo ni sifuri, utosi ni 90, na ngumi yako ukinyoosha mkono ni kama digrii 10. Ngumi tatu juu ya paa la jirani ni digrii 30, na chochote kisichofikia hapo waachie wengine, mvuke wa msitu wetu utakimeza. Mwangaza umeandikwa kinyumenyume: namba ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi, na alama ya kutoa mbele yake ndiyo sherehe. Zuhura huwa kama -4, Sirius ni -1.5, na nyota za mwisho ambazo jicho linaziona mahali penye giza ni 6. Anza na vitu vyenye namba chini ya 2.

Darubini huihitaji. Darubini kubwa ni kikwazo, kwa kuwa setilaiti inapita kabla hujaielekeza. Ya macho mawili inasaidia kidogo. Lala kwenye mkeka. Zima simu, au funga kitambaa chekundu kwenye tochi, kwa sababu macho huhitaji dakika kama ishirini kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu unakurudisha mwanzo. Kwa wenye hamu ya picha: simu iwekwe katika hali ya usiku, isimamishwe ndani ya kikombe cha mchanga isitikisike, iachwe sekunde kumi, utapata mstari mweupe uliokata nyota.

Cha kwanza kukitafuta ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sehemu yake ya kwanza ilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukosa mtu ndani, kwa kawaida saba. Upana wake ni karibu mita 109, uwanja wa mpira unaoruka kwa kilomita 28,000 kwa saa. Kinapopita juu sana kinang'aa kama Zuhura, cheupe, hakipepesi, hakina sauti, na kinachukua dakika nne hadi sita kuvuka. Kwetu kinatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au kutoka kaskazini-magharibi kushuka kusini-mashariki. Hakiji kila jioni. Kuna majuma kinapita jioni, majuma kinapita alfajiri, na majuma kinapita mchana na usiku wa manane tu ambapo hakuna cha kuona; duru nzima huchukua kama miezi miwili. Anayekosa wiki hii asilie.

Kituo cha Wachina, Tiangong, ni kidogo zaidi na kilikamilika mwishoni mwa 2022. Njia yake inafika digrii 41 na nusu tu kutoka ikweta, nayo ni nzuri kwetu.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Hubble. Darubini hiyo ya anga ilirushwa Aprili 1990, na njia yake haizidi digrii 28 na nusu kaskazini na kusini. Maana yake ni kwamba mtu wa London, pamoja na vyuo vyake vyote, hawezi kuiona ikipita: haichomozi kwake kamwe. Sisi inapita juu ya vichwa vyetu. Haing'ai kama kituo, ni kama nyota ya wastani, yenye mwendo wa utulivu kutoka magharibi kwenda mashariki. Na iko safari yake moja ninayoisubiri kuliko zote, ile inayoelekea kaskazini-mashariki ikipitia karibu na Kinshasa. Inapokuwa juu ya Kinshasa, wewe uliye Kisangani, mvuke ukiruhusu, unaweza kuwa umeshaiona, ngumi moja na nusu juu ya upeo. Dakika tatu baadaye iko utosini kwako. Balenieri, ile boti ya mbao, iliyopakia chumvi, baiskeli na kuku hupanda njia hiyo ya mto, kilomita zipatazo 1,700, kwa majuma, ikikwama kwenye mchanga na kusukumwa kwa miti. Nimewahi kuisafiri safari hiyo, na kila Hubble ikipita nawafikiria wale walio njiani usiku ule karibu na Bumba wakipika wali juu ya sitaha.

Ukifuata kitu kimoja hadi mwisho utaona jambo ambalo wageni hulishangilia kuliko kutokea kwake: kutoweka. Setilaiti inaenda mashariki, kivuli kinakuja kutoka mashariki, wanakutana. Taa inapungua, kituo kikubwa hugeuka rangi ya chungwa kidogo, kisha hakuna kitu, katikati ya anga safi isiyo na wingu. Watoto wakiuliza imezimwa na nani, waambie imeonja machweo yake. Alfajiri mambo hugeuka, chombo kinazuka ghafla katikati ya anga upande wa magharibi kama kilichozaliwa pale.

Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX iliporusha Starlink 60 za kwanza, kuna jambo jipya. Setilaiti hizo zikiwa bado changa huenda kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, nukta ishirini au zaidi kama mitumbwi inayofuatana kwenda soko la asubuhi. Baada ya majuma kadhaa zinapanda juu zaidi, zinatawanyika, zinafifia. Mstari huo ndio unaotikisa mitaa. Wapo watakaosema ni mwisho wa dunia, wapo watakaosema ni vita, na hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu hakuna babu aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo. Serikali yetu iliwahi kukataza matumizi ya Starlink nchini, kisha mwaka 2025 ikaipa leseni. Lakini angani hazikuwahi kuomba leseni ya kupita.

Sasa tuje kwenye mimweko. Kutoka Makiso, mara moja moja saa za alasiri, bati moja ng'ambo ya Lubunga hukupiga machoni kama moto. Sogea hatua ishirini, limezimika, na jirani yako ndiye anayelaumu. Mabati mengine yote yako pale pale na hayafanyi kitu, kwa sababu pembe haikutimia. Mmweko wa setilaiti ni huo huo. Uso bapa unaong'aa unatupa doa la jua duniani, doa linakimbia juu ya nchi, na ukiwa ndani yake unaona nyota inavimba, inakuwa taa kali, inasinyaa, yote kwa sekunde chache.

Bingwa wa mimweko alikuwa Iridium. Setilaiti hizo za simu zilianza kurushwa mwaka 1997, kila moja ikiwa na antena tatu bapa zenye ukubwa wa mlango, na mwanga wake ungeweza kuzidi Zuhura mara ishirini na zaidi. Mimweko ile ilitabirika kwa sekunde na kwa kilomita. Ikaondolewa: kuanzia 2017 hadi 2019 kampuni ilirusha kizazi kipya kisicho na vioo vile, na za zamani zikashushwa ziungue. Ukikuta kitabu au jedwali la zamani linalokuahidi mmweko wa Iridium, liweke kando. Yamebaki mabaki kadhaa yaliyoharibika yanayobingirika huko juu, na siku ya bahati moja hukumulika bila taarifa.

Mimweko ya leo inatoka kwa Starlink, na ina mahali pake. Jua likishashuka chini sana, kwetu kama saa tatu usiku, kidirisha cha utosini kikiwa kimeshafungwa, angalia chini upande wa magharibi, pale jua lilipozamia. Katika usiku mkavu wenye upeo safi utaona taa zinazuka na kuzima, moja hapa, nyingine pale, katika kipande kile kile cha anga kwa dakika nyingi, kama watu wanaowasha viberiti nyuma ya msitu. Marubani wa ndege kubwa wamezitolea ripoti za vitu visivyojulikana. Sisi wa chini tuna mvuke wa mto na moshi wa mashamba, kwa hiyo usiku wa namna hiyo ni wachache. Januari na Februari mvua hupungua lakini moshi huongezeka. Usiku bora kwa macho yangu ni ule uliofuata mvua kubwa ya alasiri, anga likiwa limeoshwa. Ndiyo maana mawingu ya saa kumi na moja yasikufanye uahirishe. Subiri hadi saa moja ndipo uamue.

Kuna mmweko wa tatu, wa kurudiarudia: nukta inayotembea na kuwaka kila baada ya sekunde kadhaa, kisha kupotea, kisha kuwaka tena mbele kidogo. Huo ni mwili wa roketi iliyomaliza kazi, unabingirika. Wanaoanza huuchanganya na ndege. Ndege ina taa nyekundu na kijani, inapepesa kwa kasi, na mngurumo wake hukufikia hata kama kwa kuchelewa. Kimondo ni sekunde moja au mbili. Zuhura haiendi popote, hata uikodolee namna gani, ingawa mawingu yakikimbia mbele yake utaapa imetembea. Kitu kinachokwenda kutoka mashariki kwenda magharibi polepole karibu kamwe si setilaiti. Roketi nyingi hurushwa kuelekea mashariki ili dunia izisukume, na za kuelekea magharibi ni chache, kama za Israeli, ambayo hurusha upande wa baharini. Na chini ya miti, ndugu yangu, ni kimetameta.

Kuna jibu jingine ambalo mtaani kwetu hutolewa kabla ya hayo yote: ni ndege ya wachawi. Sitamcheka anayelisema. Lakini katika mji huu wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kudaiwa kuwa wachawi, wengine wanalala sokoni, na taa iliyoonekana juu ya paa huweza kuwa ushahidi wa kumaliza kesi. Hapo jedwali lako si mchezo tena. Ukiweza kumwambia mchungaji au shangazi jioni ya leo, "Kesho saa moja na dakika tano itapita tena, kutoka pale kwenda pale," kisha ikapita, umefanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Mchawi hafuati ratiba ya dakika.

Siku ukiona moto mrefu unaokatika vipande, unaovuka anga kwa nusu dakika au zaidi, hicho ni chombo kinachorudi na kuungua. Vingi havifiki chini. Tarehe 30 Desemba 2024 duara la chuma lenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi lilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, na watu wakakusanyika hapo. Usiguse, vyombo hivyo vinaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Waite wenye mamlaka, na usivikate ili kuuza chuma chakavu.

Wasomaji wa Pwani wataniambia kwamba wao ndio wenyeji wa mambo haya, na hawakosei sana. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya X kutoka angani, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Uhuru. Ilizunguka karibu kabisa na ikweta, yaani ilipita juu ya Kisangani mara nyingi kwa siku, ndogo mno kuonekana, ikibeba neno letu la Kiswahili kama jina. Imeshaungua tangu 1979. Mjukuu wake kwa kazi, IXPE ya mwaka 2021, anazunguka juu ya ikweta yenyewe na data zake zimekuwa zikishushwa Malindi. Sisi wa Kongo tulikuwa na roketi za Wajerumani wa kampuni ya OTRAG kule mkoa wa Shaba. Mwezi wa Juni 1978 moja ilipinda na kuanguka mbele ya macho ya Rais Mobutu, na mwaka uliofuata wakafungishwa virago. Tunaweza angalau kutazama za wengine.

Kabla sijasahau: zile setilaiti zinazoleta Canal+ nyumbani kwako hutaziona. Ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo hazisogei. Sahani za Ulaya huinamia upeo. Za Kisangani hutazama karibu utosi, kama bakuli linalosubiri mvua, na mvua inakuja. Ukiona fundi ametoboa tundu dogo chini ya sahani yako usimgombeze.

Daftari liwe moja, la shule linatosha. Andika tarehe, saa ya kutokea, upande, saa ya kuzama kivulini, na nani alikuwepo. Baada ya miezi miwili utaanza kukisia bila jedwali. Langu lina kurasa nyingi zilizoandikwa "mawingu" tu, na mistari michache ya furaha. Mzee jirani yangu, yule wa komeo, sasa hutoka na kiti chake mwenyewe. Nikimpelekea saa husikiliza hadi mwisho, kisha kabla hajaketi huuliza: hiyo ni saa ya kwetu, au ni ile ya Kinshasa?